Fimbo ya Wabwile Isirithiwe

Sogeeni, wanangu, njooni karibu na kitanda, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Daktari aliyekuja asubuhi alizungumza na Wilkista kule nje kwa kunong'ona, na mtu akianza kunong'onewa nyumbani kwake mwenyewe anajua mizigo yake imeshafungwa. Wilkista, binti yangu, niinue mgongo, weka mto. Mwihaki, mke wa mwanangu, wewe si mgeni hapa, keti kitandani, usikae pembeni kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Na wewe Festus, mwanangu wa pekee wa kiume, keti palipo na mwanga nikuone uso, na usitoke. Zaidi ya mara moja nimeanza kukwambia haya, ukainuka, ukachukua baiskeli yako, ukaenda. Leo utaniacha nimalize, kwa sababu maneno ya mtu anayeondoka hayakatizwi, na kwa sababu mtoto wako Kundu amelala chumba cha pili kifudifudi, mgongo wake haugusiki, na mkono uliomfanya hivyo ni wako.

Wazee wengine huusia ng'ombe na mipaka. Mimi nina shamba kule Kwanza, upande wa Kitale, na nitaligawa kabla sijanyamaza, lakini kwanza nitawausia jinsi ya kulea mtoto akawa na afya na akawa na furaha, maana hilo ndilo ninalolijua, na sikufundishwa na shule wala kanisa. Nilifunzwa na kaburi. Nisikilizeni basi kama mnavyomsikiliza mtu aliyetoka mahali palipoungua.

Baba yenu Wabwile alikuwa mtu wa maksai kule Bumula, hodari wa kulima, na wakati wa mvua watu walimgombania. Baba yake alikuwa kibarua katika shamba la mzungu upande wa Kitale. Huko alichapwa viboko, na akirudi nyumbani alichapa watoto, na Wabwile akakua akiamini kwamba mkono wa baba umeumbwa kwa kazi hiyo. Fimbo nayo huzaa, wanangu. Huzaa haraka kuliko sungura. Aliponioa alikuwa mpole kwa miezi ya mwanzo, halafu nikaanza kuzoea kuvaa leso mabegani hata wakati wa jua kali.

Dada yenu wa kwanza aliitwa Nabalayo. Wilkista hakumwona, na wewe Festus ulikuwa mdogo sana, tena siku ile ulikuwa kwa mama yangu, nilikuwa nimekupeleka ukapone surua. Alikuwa mtoto wa kuimba. Hata kuku akiwafungia jioni aliwaita kwa wimbo, mmoja mmoja. Mwaka ule wa themanini na moja, msimu wa palizi, Wabwile alimwachia maksai achunge, na mtoto ni mtoto, akafuata wenzake kuchuma mapera, maksai wakaingia katika mahindi ya jirani. Jirani akaja kwetu akimtukana Wabwile mbele ya watu: "Wewe ni mwanaume gani? Hata binti yako hakusikii!" Hapo mjue jambo moja la kushika mpaka kufa: watoto wengi hawapigwi kwa makosa yao, wanapigwa kwa aibu za wazazi wao.

Alimpiga kwa mjeledi wa ng'ombe mpaka gauni likashikana na ngozi. Nilijitupa katikati, akanipiga mimi, nikaanguka na mimba ya Wilkista tumboni. Mtoto akapata nafasi, akakimbia kuelekea jikoni. Wabwile akaokota mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaurusha. Ukampata nyuma ya sikio. Haukutoa mlio mkubwa. Ulikuwa mlio mdogo, kama kibuyu kikigongwa ukingoni mwa mtungi.

Aliinuka mwenyewe. Akanijia anayumba kidogo, akaniambia, "Mayi, mama, nasikia usingizi." Nami, kwa kuwa kilio kilikuwa kimekoma, nikashukuru. Nikamlaza. Wilkista, Mwihaki, shikeni hili: mtoto akigongwa kichwa kisha akataka kulala, akatapika, au akaanza kusema maneno yasiyo na mpango, msimlaze. Mkimbizeni hospitali hata kama amesimama kwa miguu yake, hata kama anacheka. Mimi sikujua. Nilipokwenda kumfunika niliona damu imetoka sikioni, imechora mstari mpaka shingoni. Tulimfunga mgongoni mwangu, nikapakiwa kwenye baiskeli ya jirani, yule yule wa mahindi, naye akaendesha huku analia, na kabla hatujaona mabati ya mji wa Bungoma nilisikia mwili umekuwa mzito mgongoni kwa namna ambayo mama hahitaji kuelezwa.

Baba yenu mkubwa, kaka yake Wabwile, aliitisha kikao kabla machozi hayajakauka. Alisema, "Tutasema alianguka kutoka kwa mti wa mapera. Mtoto amekwenda, hatarudi. Unataka kumwua na baba yake?" Wote wakainamisha vichwa. Wakanipa maji ya kunywa, wakaniita mke mwema. Siku ya mazishi, mchungaji aliposema habari za mti wa mapera, nilitembea mpaka penye jeneza, nikaondoa shuka, nikamgeuza binti yangu mbele ya watu wa Bumula wote, nikasema, "Mti gani huu wenye mjeledi?" Kisha nikatoka kwa miguu mpaka kituo cha polisi.

Wabwile hakukana. Alifungwa miaka mingi. Shemeji zangu nao waliningoja njiani nikitoka kutoa ushahidi, wakanipiga kwa mateke na vijiti vya ng'ombe, mmoja akinilenga tumboni, wakisema nimekausha ukoo. Wilkista, wewe uliyapokea mateke yale kabla hujapokea jina. Nilikuchukua Festus kwa mama yangu na sikurudi Bumula tena. Kwa hiyo ukisikia huko kwa baba yako mkubwa kwamba mama yako alimsingizia mumewe apate kuwa huru, ujue wanaosema ni wale wale walioshika vijiti. Najua walikwambia. Ile Agosti ya mwaka wa tisini, walipokuchukua kwenda kutahiriwa, ulitoka kwangu mtoto wangu, ukarudi unanitazama kama hakimu.

Nilipotoka Bumula, Kitale nilipata kazi ya yaya kwa Mohini, mke wa Madanlal mwenye duka la vitambaa. Nilidhani watu wa nyumba za mawe hawapigani. Siku ya kwanza nilimkuta amejipaka poda nyingi shavu moja tu. Siku nyingine vikuku vyake vya kioo vilivunjikia mkononi mumewe alipomkamata, nikavitoa vipande kwa sindano yangu ya kushonea, yeye ameuma kitambaa asisikike dukani. Walikuwa na mtoto wa kiume, Darshan, mzuri, wa kuchekacheka, naye alianza kumpiga mbwa. Baada ya mbwa akaanza kukupiga wewe, Festus, kwa rula, akisema maneno ya baba yake neno kwa neno, hata ile sauti. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mtoto huwa haigi maneno tunayomwambia. Huiga mikono yetu. Mohini naye aliona. Aliniambia, "Sellah, mimi naweza kukufa hapa, lakini huyu hatakuwa kama yeye." Akamchukua mtoto, akaenda kwa kaka yake Kisumu wakati Madanlal yuko sokoni kuleta mali, na cherehani yake akaniachia mimi. Kwa cherehani ile niliwashonea watoto wa Kitale sare za shule, nikaingia katika kikundi cha akina mama, na kikundi kikanipatia shamba la Kwanza.

Pale Kwanza ndipo nilipojaribu kulea kwa mara ya pili. Niliwanywesha uji wa wimbi wenye karanga kila asubuhi kabla ya shule, hata siku ambazo mimi mwenyewe nilishindia chai ya rangi, kwa sababu mtoto mwenye njaa huitwa mjinga na huku ana njaa tu. Maji nilichemsha. Kadi za chanjo niliziweka pamoja na hati ya shamba, na yeyote aliyeniuliza sababu nilimjibu kwamba zote ni hati za mali. Niliwaacha mcheze matopeni mpaka mchoke, kisha nikawaosha, na mlilala jua likizama, maana usingizi ni chakula. Mlipoanguka sikuuliza kwanza nguo imechanika wapi. Niliuliza panauma wapi. Na sikuwahi kumwita yeyote kati yenu mbwa, wala punda, wala laana. Jina baya ukimpa mtoto atalivaa hata likimbana.

Festus, wewe ulikojoa kitandani mpaka ukawa mkubwa wa kuchunga. Majirani walisema, "Mchape huyo, ni uvivu." Wengine wakasema nikufunge shuka lenye mkojo shingoni ukapite nalo sokoni. Mimi niliamka, nikafua, nikaanika nyuma ya nyumba wasione wenzako, wala sikukutajia. Nilijua ni hofu inayotoka. Siku moja haikutoka tena. Watu hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli. Lakini kukunja si kuvunja, na nimeona wengi waliovunja samaki wao kisha wakalalamika kwamba haogelei.

Basi mwaka wa tisini na moja Wabwile alifunguliwa. Alikuja akasimama penye lango pale Kwanza, amekonda, nywele nyeupe, mikono ameishika nyuma kama mtu anayeificha. Nilichukua panga. Nikamwambia, "Ukivuka hapo nitakukata, na nitakwenda mwenyewe polisi kama nilivyokwenda mara ile." Akasema, "Sivuki, mama Nabalayo. Nimekuja uniambie tu watoto wako hai." Nikamwambia wako hai. Akaketi chini pale nje, akalia, nami sikumpa hata maji, na sijuti.

Alipanga chumba sokoni, akawa anabeba magunia. Siku za Jumapili alikuja akakaa upande wa nje wa ua, nanyi mkazungumza naye kupitia kwenye ua, mimi nikiwa karibu na panga. Ulipenda sana kumsikiliza habari za maksai, Festus. Hukuwahi kumwona akipaza sauti. Wewe baba uliyemjua alikuwa huyo wa nje ya ua, mtu aliyekwisha kuvunjwa na alichokifanya. Mimi nilimjua yule wa ndani.

Mwaka uliofuata watu wakaanza kufukuzana mashambani kwa sababu ya kabila. Mlikuwa wakubwa, mnakumbuka moshi. Asubuhi ile, umande haujakauka kwenye mahindi, jirani yetu Chelimo alikuja mbio, na lugha ya Chelimo ilikuwa lugha ya wale waliokuwa wanakuja. Akasema, "Mama Festus, toka! Usibebe kitu. Wamefika kwa mwalimu, wanachoma." Tuliona nyumba ya mwalimu inarusha cheche, tukasikia ng'ombe wanalia ndani ya zizi lililofungwa, na sauti ya mtu ambayo ilipanda, ikapanda, ikakatika. Wabwile alikuwa ameshafika kutoka sokoni, anahema, na panga mkononi. Kwa mara ya kwanza alivuka lile lango, na sikumkata.

Wewe ulitaka kubaki upigane, umeshika mkuki wa kuazima. Alikunyang'anya, akakusukuma kwa Chelimo pamoja na Wilkista. Hayo unayakumbuka na umeyasimulia sana. Lakini mlipokwisha kutangulia, aliniambia maneno ambayo hukuyasikia, na haya ndiyo unayokimbia kila ninapoanza. Yapokee sasa. Alisema, "Sellah, waambie watoto mimi nilimuua Nabalayo. Ndugu zangu wasiwadanganye. Mimi nilipigwa mpaka nikadhani kupiga ndiyo kulea. Ulipomgeuza yule mtoto kaburini, niliona mgongo wake, nikaona na wangu. Festus asifanane na mimi." Kisha akasema, "Kimbia sasa, mama." Akarudi njiani akasimama.

Chelimo alitufukia chini ya magunia katika ghala lake. Kupitia upenyo wa mbao niliona yote. Mshale ulimwingia Wabwile ubavuni, akaupinda ukavunjika, akaendelea kusimama. Alimkata mmoja begani, mwingine akaanguka miguuni pake. Walipomzunguka walimkata mikono kwanza. Alipiga magoti, hakurudi nyuma, na walipommaliza walikuwa wengi mno juu yake hata sikumwona tena, niliona mapanga tu yakipanda na kushuka kama watu wanaotwanga. Halafu wakaja kwa Chelimo. "Wako wapi?" Akasema hajui. Wakampiga ubapa wa panga mdomoni, meno yakamwagika kifuani. Akasema hajui. Tuko hai kwa sababu ya mdomo ule uliojaa damu na haukufunguka. Kwa hiyo asije mtoto wa nyumba hii akafundishwa kuchukia kabila. Mtoto hazaliwi na adui. Adui hupewa na wakubwa, pamoja na chakula cha jioni.

Nyumba iliungua, cherehani iliungua. Chelimo alimfunika baba yenu kwa majani ya mgomba mpaka tulipoweza kumzika. Sikumsamehe, Festus. Nilimzika. Mtu aliyeniulia mmoja alikufa ili wawili wapone, na mizani hiyo sijaweza kuipima mpaka leo. Nitampelekea Mungu aipime. Lakini ninachokijua ni hiki, nawe kishike: baba yako hakukuokoa kwa ukali wake. Ukali wake ulikuwa umeshamwua dada yako. Alikuokoa siku ambayo alikuwa ameacha kuwa yule mtu.

Nipe maji, Mwihaki. Kidogo tu. Ahsante, binti yangu.

Sasa wiki hii. Kundu amepoteza ndara moja mtaroni. Ndara! Nikasikia mlango umefungwa kwa ndani, nikasikia waya wa umeme ukikata hewa, na Mwihaki anagonga mlango kwa viganja anaita, "Baba Kundu, utamuua! Nipige mimi!" Na mtoto alikuwa akilia, kisha akaacha kulia. Mnajua mimi kilio kinapokoma nakumbuka nini. Niliinuka kutoka kitanda hiki ambacho sikuwa nimekiacha tangu mvua zianze, nikachukua mchi, nikavunja dirisha. Nilimwona Kundu ameshika mguu wa kiti, amejikojolea, mgongo umechanika, na wewe unatoka jasho, unanitazama, unasema, "Mama, si baba alikuwa mkali na ndiye alitukinga? Namfanya mwanaume." Wilkista amemwosha kwa maji ya chumvi, na mtoto hakutoa sauti. Amejifunza kunyamaza, na wewe utadhani amepata adabu. Sasa akisikia kengele ya baiskeli yako barabarani anaingia chini ya meza. Huyo ndiye mwanaume uliyemfanya.

Msilie. Sijamaliza, na nguvu ninazipima.

Mirathi yangu ni hii. Shamba la Kwanza ligawanywe kati ya Festus na Wilkista sawasawa, na mtu asiniambie habari za binti ataolewa. Ile nyumba ya mabati tuliyojenga upya pale Kwanza ni ya Mwihaki kwa jina lake, nimeshamwambia mzee wa kijiji mbele ya Chelimo. Mwihaki, binti yangu, watakuja akina mama wa kanisa wakwambie uvumilie. Mimi nilivumilia, na matunda ya uvumilivu wangu yako chini ya udongo wa Bumula. Mkono ukiinuka tena, chukua mtoto utoke, usingoje kesho, usingoje kikao.

Kundu atakaa na Wilkista. Wewe Festus sikunyimi shamba lako, maana mtu hafunzwi kwa kunyang'anywa, lakini mtoto sikuachii kwa sasa. Utakwenda kumwona kila siku. Utamlisha kwa mkono wako. Utampeleka kliniki wewe mwenyewe, si mama yake, ukae kwenye benchi na akina mama, umshike anapodungwa sindano. Akikosea, muulize kwanza, kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho, hata kama anadanganya, kwa sababu mtoto hudanganya pale ambapo ukweli humwumiza. Alichoharibu, mkitengeneze pamoja. Na hasira ikikupanda, toka nje, pasua kuni, tembea mpaka reli urudi. Hasira ni kama maziwa jikoni: ukiyaondoa motoni yanashuka yenyewe. Na siku utakayokosea wewe, mwombe radhi. Mzazi hapungui kimo kwa kuinama.

Njoo. Lete kichwa nikubariki...

Umeona? Umejikunja. Nimeinua mkono huu mkavu nikuguse, na wewe mwanaume mzima umefunga macho ukaficha sikio. Mimi sijawahi kukupiga, Festus. Ni baba yako. Ulikuwa hujajua hata kusema vizuri, ulilia wakati amelala, akakuinua kwa mguu mmoja akakutupa ukutani. Wewe hukumbuki, lakini bega lako linakumbuka. Sasa unajua Kundu anasikia nini. Siku utakapoinua mkono kujifuta jasho na mtoto huyo asifumbe macho, siku hiyo Wilkista atakurudishia, na hatahitaji kuambiwa na mtu.

Lia. Lia, baba. Ndiyo, weka kichwa hapa. Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi sikuwachelea wanangu kulia kwa ajili ya sindano, wala shule, wala kuambiwa hapana. Hapana ni neno zuri, likisemwa polepole na mtu asiyeshika kitu mkononi.

Baba yenu mkubwa atakuja kwenye matanga. Mpeni kiti, mpeni chakula, ni mzee. Akitaka kusimama aseme habari za mti wa mapera, Festus... wewe ndiye usimame. Si dada yako. Wewe. Useme jina la Nabalayo, na useme lililompata, mbele ya watu. Utasema? ... Sikusikii, mwanangu. Tikisa kichwa basi. Haya.

Nizikeni Kwanza, kando ya ua, upande wa ndani. Chelimo aitwe mapema. Na siku hiyo... watoto wasifukuzwe. Kwenye matanga huwafukuza watoto na fimbo, wanakula mwisho, wanakula makombo. Kwangu wale kwanza. Ugali na kuku, wakubwa wasubiri. Wakicheza, wacheze. Wakipanda kwenye lori la jeneza, washusheni pole pole... wasipigwe na mtu.

Wilkista, shusha mto. Siwezi tena... kukaa.

Mungu awape watoto, na awape watoto wenu sauti. Awape matumbo yaliyoshiba na... na usingizi usioshtuka. Mikono yenu iwe ya kubebea. Nawatemea mate ya baraka, ingawa mdomo wangu umekauka, pokeeni hivyo hivyo... Mwihaki... na wewe Wilkista... Festus, mwanangu.

Ni nani yuko mlangoni? Kundu? Mwacheni aingie. Njoo kwa Kukhu, kwa bibi yako, baba. Usimwogope baba yako, amekaa chini... Festus, msogezee nafasi. Usimshike. Ngoja yeye... ngoja yeye aje.